Mpingaji wa Zamu

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Waliowahi kuitaja kwa mzaha hawapo tena, na waliobaki huiita "kwetu" huku wakitazama nyuma. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi ya amani kubwa sana, amani ambayo ukiikanyaga kwa bahati mbaya unaiomba radhi. Ilikuwa chini ya mtu mmoja mwema aliyeitwa Mtukufu Mlezi. Mlezi alikuwa daktari wa tiba, daktari wa umwagiliaji, daktari wa nyuki na daktari wa sheria za bahari, ingawa nchi haikupakana na bahari yoyote, na hilo nalo lilikuwa linashughulikiwa.

Katika nchi hiyo palikuwa na Jumuiya ya Wachunguzi wa Biblia. Isidhaniwe kwamba ilikuwa kwaya au kikundi cha maombi. Walikuwa wasomi, watu wa miwani minene na makoti yaliyopauka viwikoni, waliosoma Maandiko kwa Kiebrania na Kigiriki na kubishana mchana kutwa kama samaki wa Yona alielekea kaskazini au kusini. Serikali iliwapenda. Katika nchi ambamo watu wawili wakibishana barabarani walitakiwa kuonyesha kibali, hawa walibishana kuhusu marehemu, tena marehemu wa nchi za mbali.

Jumuiya ilikuwa na desturi moja iliyoionea fahari. Katiba yake ilisema kwamba mada ikisomwa bila kupingwa itahesabiwa kuwa mahubiri. Watu wataitikia amina na kwenda nyumbani, wala haitachapishwa. Kwa hiyo kila mada ilipangiwa mtu wa kuipinga. Aliitwa Mpingaji wa Zamu. Hakuulizwa anaamini nini. Zamu ikimfika alisimama, akaibomoa mada kwa nguvu zake zote hata kama mwenye mada ni shemeji yake, kisha wakaenda kunywa chai pamoja. Zamu ilifuata viti: aliyepinga leo, safari nyingine hupinga jirani yake wa kushoto. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuhama kiti.

Dakta Elkana Nyambale alikaa safu ya pili, karibu na dirisha. Alikuwa mwalimu wa vitabu vya Wafalme na alikuwa mwoga. Hakulificha hilo. Aliogopa mabata bukini, aliogopa kofia za maafisa, aliogopa simu inayolia mara moja ikanyamaza. Mahali pekee ambapo woga ulimwacha ni pale mtu alipolieleza Andiko kwa makosa. Hapo ulimi wake ulijitokea wenyewe. Aliwahi kumsahihisha askofu kaburini, katika mazishi ya baba mkwe wake, kuhusu nani hasa alimzika Musa, na mkewe Tirza hakusema naye mpaka matanga yalipoisha.

Balaa lilianzia kwenye kibali cha ukumbi. Mwenyekiti wa Jumuiya, Profesa Hezroni Kisusi, alichoka kuzungushwa ofisi hii na ile kila mwaka, akapata wazo. Walimwandikia Mtukufu Mlezi kumwomba awe mwanachama wa heshima. Kibali kikatoka alasiri ileile, pamoja na picha ya Mtukufu ya kutundika ukutani. Wakapongezana. Hakuna aliyekumbuka kwamba katiba yao inampa mwanachama wa heshima haki zote, ikiwemo ya kusoma mada. Watu hawa wangeweza kukutajia makosa ya mwandishi aliyenakili kitabu cha Isaya, lakini katiba waliyoiandika kwa mikono yao hawakuirudia tangu siku walipoipitisha. Ilikuwa ya juzi mno kuwavutia.

Mada ya Mtukufu ililetwa na pikipiki mbili, moja mbele na moja nyuma. Iliitwa "Nabothi, Mkwamishaji wa Maendeleo."

Profesa Hezroni alimwita Elkana ofisini na kufunga dirisha, ingawa siku ilikuwa ya joto.

"Kaa, mwanangu," alisema. Alikuwa amemfundisha Elkana Kiebrania, na alimwita mwanangu siku za habari mbaya tu. "Mwaka jana alipinga nani?"

"Mchungaji Obedi, Profesa."

"Naye hukaa wapi?"

Elkana alihesabu viti kichwani. Mchungaji Obedi alikaa kulia kwake.

Kisa cha Nabothi wengi wanakijua, lakini si vibaya kukikumbusha. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu jirani na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka alifanye bustani ya mboga. Nabothi akakataa, kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Mfalme akalala kitandani amenuna, hataki kula. Malkia Yezebeli akamwambia mumewe aamke ale, shamba atalipata. Nabothi akasingiziwa kosa, akapigwa mawe, na shamba likapatikana. Nabii Elia akaja kumwambia mfalme ubaya wake usoni.

Mada ya Mtukufu ilikisahihisha kisa hicho. Ahabu alikuwa kiongozi aliyejali lishe ya wananchi. Yezebeli alikuwa mwanzilishi wa miradi ya akina mama. Elia alikuwa mgeni asiye na kibali cha makazi, aliyetumwa na watu wa nje kuvuruga sekta ya kilimo.

Hapa pana jambo dogo, na pengine halihusiani. Kando ya ukuta wa Ikulu ya nchi hiyo palikuwa na bustani ya mchicha ya mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Kezia. Mji mzima ulinunua mboga kwake. Mwaka uliotangulia Mtukufu alitamani mizabibu, na ukuta ukasogezwa mpaka ng'ambo ya bustani. Mama Kezia alisema ardhi ile ni ya bibi yake. Kisha ikatangazwa kwamba amesafiri. Watu walishangaa kidogo, maana alikuwa mtu wa miguu mibovu.

"Haiwezekani tukaiacha iwe mahubiri?" Elkana aliuliza. "Asome, tuitikie amina, twende nyumbani?"

"Nimekwisha kuuliza Ikulu. Wameniambia tusimdharau. Mahubiri kila mchungaji anatoa."

"Basi Dakta Yusta achukue zamu yangu. Yeye ni jasiri."

Dakta Yusta Malembeka alikuwa katibu wa Jumuiya, mwanamke mkavu wa maneno, aliyekaa kushoto kwa Elkana. Profesa alitikisa kichwa. Yusta alikuwa amekuja asubuhi, kabla hajaitwa, kusema kwamba desturi ni desturi.

Siku iliyofuata Elkana aliitwa Ikulu, kwa Bwana Sinkala, Afisa Itifaki. Bwana Sinkala alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Alimkaribisha kiti, akampa maji, akamuuliza habari za mkewe kwa jina na habari za mwanawe anayesoma ughaibuni, kwa jina la mtaa anaokaa. Elkana hakuyamaliza maji yale.

"Daktari," alisema Sinkala, "Mtukufu amekwisha kusifiwa katika nyanja zote zinazofahamika. Kupingwa ndicho kitu pekee ambacho bado hajakipata. Amesikia kwamba ninyi mnacho, naye amekitaka. Kwa hiyo utampinga."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Tena kikwelikweli. Ukimpinga kizembe atajua, na itakuwa dharau. Ukizidisha, itakuwa uhaini. Kati ya dharau na uhaini pana nafasi ya kutosha mtu mwembamba kama wewe. Simama, tujaribu."

Picha ya Mtukufu iliwekwa kitini, ikaegemezwa mto. Elkana aliipinga. Sinkala alimkatiza mara kwa mara, kwa upole uleule. Neno "lakini" lilikuwa kali, aseme "aidha". Asiikazie picha macho. Asiiangalie pembeni pia, maana hiyo ni jeuri. Atazame vifungo vya koti. Mwisho wakakubaliana kwamba Elkana atapinga jambo moja tu: mada ilisema shamba la Nabothi lilikuwa mashariki ya jumba la mfalme, naye atasema huenda lilikuwa magharibi. Mtukufu atajibu kwamba lilizunguka pande zote. Elkana atashindwa, atashukuru, atakaa.

"Ni upinzani mzuri," alisema Sinkala akimsindikiza mlangoni. "Una dira."

Asubuhi ya mkutano Elkana hakuweza kumeza chai. Alikaa mezani akitazama kikombe. Tirza, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ruti, alikuwa akitia vitu ndani ya mkoba wa mumewe: mswaki, sabuni, dawa ya pumu, sweta.

"Sweta la nini na joto hili?" Elkana aliuliza.

"Huko watakakokupeleka huenda kuna baridi."

"Mama Ruti, narudi jioni. Mambo yamepangwa. Nitasema magharibi, yeye atasema pande zote, basi."

Tirza alikunja sweta upya. Aliogopa kuliko yeye, ila woga wake ulikuwa wa mikono, haukufika usoni. "Na Mama Kezia utamtaja?"

"Ninazungumzia shamba la Nabothi!"

"Na mimi nazungumzia mchicha. Yule mwanamke alikuwa ananiongezea fungu kila Jumamosi, akisema mpelekee mwalimu, amekonda. Ninyi mtakaa humo ukumbini wasomi wazima, mnasikiliza kwamba alikuwa mkwamishaji."

"Nabothi, mama. Nabothi ndiye mkwamishaji."

"Haya." Alifunga mkoba. "Wewe sema magharibi, Baba Ruti. Sema magharibi urudi nyumbani. Sihitaji shujaa, nahitaji mtu wa kula naye."

Elkana alimshika mkono, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo mchana, na akatoka.

Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi mpya na harufu yake iliwaumiza vichwa. Wanajumuiya walikaa kwenye viti vyao vilevile, ila katikati ya kila wawili alikaa kijana mmoja mnene mwenye suti, aliyeshika Biblia mpya bila kuifungua. Mtukufu Mlezi aliingia. Watu walisimama, wakapiga makofi, wakaendelea kupiga, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Mchungaji Obedi aliyekuwa na baridi yabisi alilia machozi kwa maumivu ya viganja, na yalipigwa picha kama machozi ya furaha.

Mtukufu alisoma mada. Alisoma vizuri, kwa sauti nzito ya kubembeleza, akikosea majina tu, na kila alipokosea jina ukumbi ulilipokea jina jipya kwa makofi. Elkana hakusikia kitu.

"Mpingaji wa Zamu," aliita Profesa Hezroni, na hata yeye hakumtazama.

Elkana alisimama. Alivitazama vifungo vya koti la Mtukufu, vilikuwa vya dhahabu, akasema maneno yake. Aidha, huenda shamba lilikuwa magharibi. Aidha, ushahidi ni mdogo. Aidha, anaomba mwongozo. Mtukufu alitabasamu, akajibu kwamba shamba lilizunguka pande zote. Elkana alisema ameshindwa, akashukuru, akakaa. Makofi yakaporomoka. Alikuwa mzima. Alifikiria ugali. Alifikiria sura ya Tirza akifungua mlango.

Mambo yangeishia hapo, na Bwana Sinkala alikwisha kufunga faili. Lakini Mtukufu alikuwa amefurahi, na mtu akifurahi huongeza neno ambalo halikuandikwa.

"Kwa kumalizia," alisema, "tusimlaumu sana huyu Nabothi. Mwisho wa yote alielimishwa, akaelewa, akakubali kwa hiari yake kuliachia shamba."

"Hakukubali," ilisema sauti.

Vichwa viligeuka. Elkana naye aligeuka kumtafuta mjinga aliyesema. Ndipo alipogundua kwamba kila mtu anamtazama yeye, na kwamba amesimama.

"Nani amesema?" aliuliza Mtukufu.

"Ni mimi, Mtukufu." Hofu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya baridi. Alitaka kusema samahani. Aliliandaa neno samahani, alikuwa nalo mdomoni kabisa, na badala yake likatoka jingine. "Wafalme wa Kwanza, sura ya ishirini na moja, mstari wa tatu. Alikataa. Alisema ni urithi wa baba zake."

Vijana wa suti waliinuka. Mtukufu aliwanyooshea mkono wakae. Aliegemea meza, akamtazama Elkana kwa shauku ya mwanafunzi wa dawati la mbele.

"Basi mimi hilo sikulisoma," alisema. "Walioniandalia walinipa muhtasari tu. Alikataa, halafu?"

"Halafu aliuawa, Mtukufu."

"Alichomwa mkuki?"

"Hapana!" Elkana alisema, na hapo ndipo woga ulipomwacha, kama ulivyomwacha siku ile kaburini. Kosa lilikuwa kubwa mno. "Hapana, Mtukufu, hapakuwa na mkuki. Ilifanyika kwa utaratibu. Malkia alitumia jina la mfalme, akaagiza mji utangaziwe mfungo. Siku ya mfungo watu wote wakusanyike, na Nabothi aketishwe mbele, mahali pa heshima."

"Mbele?"

"Mbele kabisa, watu wamwone. Kisha mashahidi wawili waketi wakimkabili. Ni lazima wawe wawili, Mtukufu, si mmoja, kwa sababu torati haimhukumu mtu kifo kwa neno la mmoja. Ndipo wakasema amemtukana Mungu na mfalme. Wazee wa mji walikuwepo, watu wa cheo, na hakuna aliyepinga. Wakamtoa nje ya mji wakampiga mawe. Mfalme mwenyewe hakuwepo hata kidogo. Mikono yake haikuguswa na kitu. Wengi husahau hilo."

"Inapendeza," alisema Mtukufu taratibu. Alimgeukia Bwana Sinkala. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mtukufu," alisema Bwana Sinkala, na akalifungua faili tena.

Mtukufu alianza kupiga makofi. Ukumbi ulingoja kidogo kuhakikisha, ukamfuata. "Huyu ndiye msomi!" alisema Mtukufu. "Miaka yote hii ninyi mnanidanganya. Huyu amenipinga mbele ya watu." Akashuka jukwaani, akamkumbatia Elkana, naye akanusa manukato mazito na kuhisi vifungo vya dhahabu vikimkandamiza kifuani. Woga ulikuwa umekwisha kurudi wote na ulikuja na ndugu zake.

Wakati wa chai hakuna aliyekunywa karibu naye. Profesa Hezroni alimpita akisema, "Hongera," kama mtu anavyosema "pole."

Lakini alirudi nyumbani. Hilo lilimshangaza yeye kuliko wote. Tirza alilia, akacheka, akamwambia ni punda, akampakulia chakula mara mbili. Gazeti liliandika kwamba nchi imeingia katika enzi ya mijadala. Majirani walioacha kumsalimia walianza tena, mmoja akamletea kuku. Kila gari likipita Elkana aliacha kula, likishapita aliendelea. Tirza alimwambia aache, Mtukufu mwenyewe amemkumbatia. Siku zikapita hivyo, na kidogokidogo Elkana akaanza kusikia ladha ya chumvi.

Alikuwa akinyoa ndevu redio ilipotangaza mfungo.

Mtangazaji alisema kwamba Mtukufu Mlezi, kwa mapenzi yake kwa taifa, ametangaza siku ya kufunga na kuomba, ya kwanza katika historia ya nchi, na wananchi wote wakusanyike uwanja wa michezo. Elkana alishusha wembe. Alibaki na povu upande mmoja wa uso.

"Jambo jema," alisema Tirza kutoka jikoni. "Watu wafunge kidogo. Baba Ruti? Mbona kimya?"

Bwana Sinkala alikuja mwenyewe na gari jeusi kuleta kadi. Ilikuwa nzuri, yenye kingo za dhahabu, ya mtu mmoja. "Utakaa mbele kabisa," alisema. "Mahali pa heshima. Mtukufu amesisitiza."

"Mtukufu atakuwepo?"

"Kwa bahati mbaya ana udhuru siku hiyo."

Tirza alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga. Hakuwa msomi, lakini alikuwa ameishi na sura ile ya ishirini na moja tangu siku ya harusi, maana mumewe alikuwa na tabia ya kuielezea mezani. Alimtazama Elkana, na safari hii woga ulimfika usoni.

"Usiende," alisema gari lilipoondoka. "Tuvuke mpaka. Twende kwa dada."

"Kuna vijana wawili kwenye kona, mama. Wapo tangu juzi. Wana Biblia mpya."

Siku ya mfungo Elkana alipitia kwanza kwa Profesa Hezroni. Alimkuta amekaa na Dakta Yusta, wote wawili wamevaa kama watu wanaokwenda msibani. Hawakumkaribisha kiti.

"Mmeitwa?" aliuliza.

"Tumeitwa," alisema Profesa.

"Mseme nini?"

"Tuseme tulichoona. Mwanangu, hawakutuomba uongo. Ningekataa uongo, Mungu ni shahidi. Wametuuliza tu kama ulimpinga au hukumpinga."

"Nilikuwa wa zamu!"

"Hawakuuliza kuhusu zamu," alisema Dakta Yusta, akaanza kulia bila kuinamisha uso.

Uwanja ulijaa. Watu walikuwa na njaa, na jua lilikuwa kali. Kiti cha Elkana kiliwekwa peke yake juu ya jukwaa lililotandikwa zulia jekundu; kilikuwa kiti laini, cha kuegemea, na miguu yake haikufika chini vizuri. Mbele yake paliwekwa viti viwili vya mbao, cha Profesa Hezroni na cha Dakta Yusta. Jumuiya nzima iliketishwa pembeni, safu kwa safu, kila mtu kwenye nafasi yake ya siku zote, nafasi mbili tu zikiwa wazi, ya Elkana na ya jirani yake wa kushoto, kwa kuwa mwenyekiti hakuwa na nafasi katika safu. Elkana aliogopa hivi kwamba hakuhisi mikono yake. Aliitazama mbele yake akaona iko palepale, juu ya magoti, imetulia kuliko alivyotarajia.

Bwana Sinkala alishika kipaza sauti. Alisema kwamba nchi hii ni ya utaratibu, na kwamba tofauti na mataifa ya kale, haitumii watu wasiofaa kutoa ushahidi. Inatumia maprofesa.

Profesa Hezroni alisimama. "Dakta Elkana Nyambale," alisema, "alimpinga Mtukufu Mlezi mbele ya watu. Nilimwona na nilimsikia."

"Alimpinga," alisema Dakta Yusta. "Nami nilimsikia."

Elkana, kwa mazoea, alitafuta kosa katika maneno yao alisahihishe. Alitafuta kwa bidii, neno kwa neno. Nabothi alipewa angalau mashahidi waongo, na mtu anayesingiziwa huwa na kitu cha kukanusha. Yeye hakupata hata herufi moja iliyokaa vibaya.

"Ninafahamu desturi ya Jumuiya yenu tukufu," alisema Bwana Sinkala, akiigeukia ile safu ya makoti yaliyopauka. "Hakuna hoja inayopita bila mpingaji. Serikali inaheshimu mila za wasomi. Basi nauliza. Zamu ya kupinga ni ya nani?"

Wote walijua. Walikuwa wamebishana miaka yote ile kuhusu samaki na manabii, na hakuna hata mara moja iliyotokea wasijue zamu ni ya nani. Mchungaji Obedi alikitazama kiti kitupu cha Elkana, kisha kile kilicho kushoto kwake. Dakta Yusta alikuwa bado amesimama mbele ya uwanja mzima. Mdomo wake ulitikisika. Elkana alimtazama, akamngoja, na kwa dakika ile hakumchukia. Alimtakia ujasiri kama mtu anavyomtakia mtoto wake kwenye mtihani.

Dakta Yusta alikaa, akavitazama viatu vyake.

Bwana Sinkala alingoja kwa adabu. Upepo ulipeperusha bendera. Kisha akakumbusha, kwa upole wake uleule, kile ambacho katiba ya Jumuiya inasema kuhusu jambo lisilopingwa, na watu wakaitikia amina, wakainuka kwenda nyumbani, wakimwacha Elkana jukwaani na vijana wa suti. Nje ya lango Tirza alikuwa amesimama na sweta la mumewe mkononi, akiwatazama usoni mmojammoja walivyokuwa wakitoka.